Gari la shamba: pima mzigo na njia kabla ya kuuliza bei

Mwezi uliopita jirani yangu alikuja barazani baada ya swala ya alasiri na picha kumi na moja kwenye simu, zote za magari. Pikapu ya kebini mbili, pikapu ya kebini moja, kigari cha Toyota Probox, tuktuk ya mizigo, na kigari kimoja kifupi cha magurudumu manne ambacho mwanawe aliye ng'ambo alimtumia. Ana eka sita Kakuyuni, upande wa Malindi: minazi, miembe, kuku mia tatu na kisima. "Nichagulie," akaniambia. Hata sijafungua mdomo, wenzetu walishaanza. Huyu anasema kama si 4x4, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, usijisumbue. Yule anasema Probox haijawahi kushindwa. Wa tatu anasema angalia injini tu, ikiwa kubwa mengine yatafuata. Hakuna aliyemwuliza anabeba nini, wala njia ya kuingia shambani kwake huwa na hali gani mwezi wa tano masika yakishika.

Nimeona watu wengi hapa Malindi wakiingia hasara kwa sababu hiyo. Mtu ana shamba Goshi, Langobaya au ng'ambo ya mto Sabaki upande wa Magarini, anakopa, ananunua gari la kuonekana, kisha baada ya mwaka gari liko chini ya mkorosho na yeye anakodi boda kupeleka mbolea. Kwa hiyo hebu tulifumbue jambo hili polepole, kuanzia kwenye maneno yenyewe.

Ninaposema gari la shamba, nakusudia chombo chochote cha moto kinachobeba au kuvuta vitu ndani ya shamba na kati ya shamba na barabara kuu, kuanzia pikipiki yenye keria mpaka trekta. Kila chombo kina uzito mtupu, yaani uzito wake kikiwa hakijapakiwa kitu. Kina pia uzito kamili, yaani kiwango cha juu ambacho mtengenezaji ameruhusu kikiwa na kila kitu ndani. Ukitoa wa kwanza kwenye wa pili, kinachobaki ndicho unachoweza kubeba. Pikapu yenye uzito mtupu wa kilo 1,900 na uzito kamili wa kilo 2,900 inabeba kilo 1,000, na humo mna wewe mwenyewe, vijana wawili wa kupakua na chochote ulichokiacha nyuma ya kiti tangu mwaka jana.

Hapa pana kosa moja linalofanywa na watu wazima kabisa. Ubavuni mwa pikapu zetu za Kenya huwa pameandikwa T.W. na namba ya kilo. Wengi huisoma namba hiyo kama ruhusa ya kupakia. Kumbe huo ni uzito mtupu, gari lenyewe bila mzigo. Uzito kamili utaupata kwenye kibati kidogo kilichopigiliwa kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, au kwenye kitabu cha gari. Ukimwona muuzaji akikuonyesha T.W. kama sifa ya kubeba, basi hajui anachouza, au anajua na hataki wewe ujue.

Pikapu nyingi za aina ya Toyota Hilux na Isuzu D-Max huangukia karibu na tani moja. Tuktuk ya mizigo ni kama nusu tani. Probox, ambayo sisi tunaipandisha watu tisa na mbuzi, ilitengenezwa Japani ibebe kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 ikiwa na watu watano.

Sasa geukia mzigo wako. Huhitaji mzani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo jerikeni la lita 20 ni kilo 20. Mfuko wa simenti ni kilo 50. Gunia la mahindi ni kilo 90. Nilikaa na jirani tukahesabu juma lake la kawaida: magunia manne ya chakula cha kuku ya kilo 70, jumla 280, mitungi miwili ya gesi, trei za mayai za kurudisha mjini, na vitu vidogo vidogo. Hakuwahi kuvuka kilo 400. Msimu wa maembe anauzia shambani, na wanunuzi huja na lori lao wenyewe. Mizigo mizito ya kweli, mawe ya kujengea au mchanga, inamjia mara mbili au tatu kwa mwaka.

Hizo siku mbili tatu ndizo zinazowaangusha watu. Mtu anawaza siku ya mchanga, ananunua gari la siku ya mchanga, halafu siku nyingine 360 analilisha mafuta ya gari la tani moja kubeba trei za mayai. Lori la kukodi lipo, na siku hiyo linakuja na dereva wake, tairi zake na springi zake.

Kuhusu mchanga nina kisa. Ami yangu alinunua pikapu ya kebini mbili, safi, 4x4, akaileta shambani kwa shangwe. Wiki hiyo tulikuwa tunajenga tangi. Vijana wakashuka mtoni na masepetu, wakajaza bodi mpaka mchanga ukalingana na kingo. Kwa macho ilikuwa sawa kabisa, bodi si imejaa tu? Lakini bodi ya kebini mbili ina urefu na upana wa kama mita moja na nusu kila upande, na kina cha sentimita 45 hivi. Hiyo ni mita moja ya ujazo, na mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ni karibu tani moja na nusu au zaidi. Ule wetu ulikuwa umetoka mtoni, unyevu, mzito zaidi, na vijana wawili wameketi juu yake. Tulikuwa tumekaribia maradufu ya kiwango chake. Kwenye mwinuko wa kutoka mtoni gari likanyanyua pua, usukani ukawa mwepesi mikononi mwa ami kama wa gari lililosimama, kisha tukasikia mlio mkavu nyuma, kama tawi la mwembe linapokatika. Springi ya kulia ilikuwa imevunjika mabamba mawili, na bodi imelalia tairi.

Fundi alipofika alitoa shauri ambalo utalisikia kila gereji: tuongeze mabamba ya springi, itabeba zaidi. Hii ni imani iliyoenea sana, na ni hatari. Mabamba ya ziada yatashikilia mkia wa gari usizame, basi. Breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, bearingi na tairi ni zile zile. Ni kama hamali umfunge mkanda kiunoni: mgongo utasimama, ila magoti hayajaongezeka nguvu. Gari linaonekana liko sawa kwa sababu halijainama, na hapo ndipo mtu anapozidisha.

Maji yana tabia yake peke yake. Tangi la lita 1,000 likijaa limeshamaliza uwezo wa pikapu nzima. Likiwa nusu ndiyo balaa zaidi kwenye kona, kwa sababu maji yanakimbilia upande mmoja wakati gari linageukia mwingine. Mama zetu wanalijua hili tangu zamani. Ndoo isiyojaa wakiitwika kichwani huwekewa majani juu ili maji yasicheze. Kama lazima ubebe maji kila siku, madumu mengi madogo yaliyofungwa ni salama kuliko tangi moja kubwa lililo nusu.

Tuingie kwenye njia, na neno linaloleta ubishi kuliko yote: 4x4.

Ili ulielewe, lielewe kwanza difu. Umeona zefe ya Maulidi pale Lamu inapokata kona mtaani? Safu moja ya watu wameshikana mikono. Aliye ndani ya kona anakanyaga karibu papo hapo, aliye nje anapanua hatua, vinginevyo safu inakatika. Magurudumu ya gari nayo ni hivyo hivyo. Kwenye kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoyaruhusu yatofautiane mwendo. Ni kifaa chema, lakini kina udhaifu mmoja. Nguvu inayopita kwenye magurudumu hayo mawili ni kama kapu linalobebwa na watu wawili, kila mmoja na mkono wake wa kapu: mmoja akiachia, mwingine hawezi kulinyanyua hata awe na misuli kiasi gani. Gurudumu moja likikosa mshiko kwenye mchanga, linazunguka bure, na mwenzake aliye kwenye ardhi ngumu anakaa kimya.

Gari la kawaida lina magurudumu mawili tu yanayosukumwa. 4x4 yanasukumwa yote manne, kwa hiyo nafasi ya kupata mshiko mahali fulani inaongezeka. Lakini bado kila difu ina udhaifu ule ule. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakiteleza kwa pamoja, 4x4 inakwama kama wenzake, isipokuwa ile yenye kufuli la difu, yaani swichi ya kuyafunga magurudumu mawili yazunguke kwa pamoja. Anayekuambia 4x4 haikwami hajaipeleka Magarini mwezi wa tano kwenye udongo mweusi. Tofauti ni kwamba inakwama mbali zaidi na barabara, na kuitoa ni kazi zaidi.

Tena si kila gari linaloitwa 4x4 ni la shamba. Yapo yanayosukuma magurudumu yote wakati wote kwa ajili ya barabara yenye kuteleza, na hayana gia nzito. Gia nzito ni seti ya pili ya gia inayolifanya gari litambae polepole kwa nguvu nyingi. Kwa kupanda kingo za mto na kuvuta gogo, gia nzito ina thamani kuliko ukubwa wa injini. Na kwa pikapu zenye 4x4 ya kuwasha na kuzima, usiiwashe kwenye lami kavu. Fikiria watu wawili wanaopitisha mbao ndefu kwenye kichochoro: wa mbele na wa nyuma hawafuati mstari mmoja kwenye kona. Ukiwafunga waende hatua sawa, kitu kitavunjika, na kwenye gari kitu hicho ni cha bei.

Jambo la pili ni lile la uzito kukaa wapi. Pikapu ya kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma, na nyuma ikiwa tupu ni nyepesi. Ndiyo maana utaona pikapu tupu ikikwama mahali ilipopita asubuhi ikiwa na mzigo. Mifuko minne ya mchanga ikiwekwa juu ya ekseli ya nyuma inaweza kuitoa. Probox nyingi husukumwa na magurudumu ya mbele, na hapo mambo yanageuka. Ukiijaza nyuma na kuielekeza mlimani, mbele inapungua uzito na tairi zinasaga mchanga tu. Ikiwa na mzigo wa kadiri kwenye njia yenye ardhi ngumu ni gari zuri la kazi, silidharau hata kidogo. Lakini tumbo lake liko chini, na njia zetu nyingi zina tuta la nyasi katikati.

Tuta hilo ndilo adui wa tuktuk pia, kwa sababu nyingine. Njia ya shamba ina vijia viwili vya tairi. Gari la magurudumu manne linapita humo. Tuktuk ina gurudumu la mbele katikati, na katikati ndipo penye tuta. Dereva ama apande tuta huku anayumba, ama aingize la mbele kwenye kijia kimoja, na magurudumu ya nyuma yasikae kwenye kijia wala kwenye tuta. Mjini Malindi na kwenye maram, yaani barabara ya changarawe, iliyopigwa vizuri, tuktuk ya mizigo haina mshindani kwa mafuta na spea. Kwenye vijia vya mchanga itakupa taabu.

Kabla ya kulipia 4x4, jaribu kitu cha bei nafuu: upepo wa tairi. Ukisimama kwenye mchanga mkavu wa ufuoni kwa kisigino, unazama. Ukilaza wayo wote, mchanga unakubeba. Tairi iliyojazwa psi 35 ni kisigino. Ikiteremshwa hadi 18 au 20 inalala na kuwa wayo. Nimeliona kwa macho yangu gari la magurudumu mawili ya kusukuma likitoka peke yake mahali ambapo watu sita walikuwa wamelisukuma nusu saa, baada ya dereva kupunguza upepo kwa kijiti. Masharti ni mawili: uende polepole, na urudishe upepo kabla ya kuingia lami, kwa sababu tairi laini kwenye mwendo wa kasi hupata joto na kupasuka. Pampu ndogo inayochomekwa kwenye betri ya gari ikae ndani siku zote. Kwenye matope dawa hiyo ni dhaifu. Matope yanataka tairi yenye meno marefu, na mara nyingi yanataka subira tu mpaka jua litoke.

Dizeli au petroli? Dizeli inavuta vizuri injini ikiwa inazunguka polepole, kwa hiyo kwa mzigo mzito na mwinuko ni bora. Ila injini za dizeli za siku hizi zina nozeli laini mno, na haziwezi kustahimili mafuta yenye maji au uchafu wa jerikeni lililokaa bandani. Kwa safari fupi na mizigo midogo, petroli inatosha.

Vile vigari vifupi ambavyo watoto wetu walio nje wanatutumia picha zake navyo vinahitaji neno. Kuna aina mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni vilori vidogo vya Japani, kama Suzuki Carry na Daihatsu Hijet. Sheria ya Japani inavibana visivuke injini ya sisi (cc) 660, urefu wa mita 3.4 na upana wa mita 1.48, na vinabeba kilo 350. Wakulima wa huko wanavitumia kila siku, vingine ni 4x4, na usukani uko kulia kama yetu. Nakipenda chombo hiki kwa shamba la eka chache. Kumbuka tu kwamba gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa Kenya likiwa limezidi miaka minane, kwa hiyo usidanganyike na bei za vile vya zamani unavyoviona mtandaoni.

Aina ya pili ni vigari vya wazi vya shambani, kama Kawasaki Mule iliyotoka 1988 au John Deere Gator ya 1992. Ni hodari ndani ya shamba kubwa. Lakini vimetengenezwa kwa kazi za nje ya barabara, na vingi huendeshwa kwa mkanda wa mpira ambao joto na mchanga huula. Mkanda ukikatika, hapa Malindi hutaupata dukani. Swali la spea lina uzito sawa na swali la nguvu. Fundi wa hapa Ganda anaifungua pikipiki ya Boxer, Probox au Hilux akiwa amefumba macho. Chombo asichokijua atakijifunzia kwa pesa yako. Hata kisiwani Lamu ukiuliza kwa nini punda bado anabeba mawe na simenti, jibu si nguvu wala fahari: vichochoro vyembamba ndivyo vilivyochagua.

Kwa walio karibu na bahari, Mambrui na Gongoni hasa, kutu ni swali la maisha na kifo cha gari. Kusi inapuliza chumvi mpaka ndani ya milango. Wengi hupaka oili chafu chini ya gari. Inazuia kidogo, lakini oili hulainisha na kuvimbisha mipira yote ya chini. Maji baridi kwa mpira wa kuoshea, chini kabisa, kila wiki, yanasaidia zaidi, mradi yasiwe ya kisima chenye magadi, maana hapo unaongeza chumvi juu ya chumvi. Na usidhani gari lililotoka Japani jana ni salama. Sehemu zao za theluji humwagiwa chumvi barabarani wakati wa baridi, na gari likifika Mombasa limepakwa rangi nyeusi chini. Lala chini, gongagonga chesisi kwa spana. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti ya ubao.

Neno moja la bima, kwa sababu limewaumiza watu. Bima ya gari la mizigo yako mwenyewe si ile ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo. Ukimbebea jirani kuni kwa pesa na ajali ikatokea, unaweza kuambiwa hukukatia bima ya kazi hiyo. Uliza kabla, na jibu liandikwe.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na jirani Kakuyuni tukaitembea njia yake kwa miguu, kutoka maram hadi kwenye kisima. Yeye alishika fimbo, mimi nikahesabu hatua. Njia ni kama kilomita tatu, na karibu yote ilikuwa na ardhi ngumu. Palikuwa na mahali pamoja tu, bondeni kabla ya mwembe wake wa mpakani, fimbo ilipoingia hadi nusu. Vijia vyote viwili vilikuwa vimejaa makuti yaliyosagika, ya zamani chini na mabichi juu: kila aliyekwama hapo alikata makuti, akayaweka chini ya tairi, akaenda zake. Nilihesabu hatua hamsini na tatu kutoka mchanga ulipoanzia hadi ulipoishia.

Tukakaa chini ya mwembe. Alikuwa tayari kulipa tofauti yote ya bei kati ya pikapu ya kawaida na 4x4 kwa ajili ya hatua hamsini na tatu. Akaitoa simu, safari hii hakufungua picha. Alimpigia mwenye lori anayechimba mawe, akamwuliza kifusi cha matumbawe anauzaje kwa lori moja, na kama anaweza kufika kabla ya masika.